Kusoma maendeleo endelevu chuo kikuu kwa taaluma nyingi: mwongozo kamili kwa mfano wa Ziwa Victoria

Mwanafunzi akiambiwa aandike kuhusu maendeleo endelevu, mara nyingi huleta kazi yenye vipande vitatu: uchumi, jamii, mazingira. Kila kipande kina kurasa zake na takwimu zake, na havisemezani. Ukimaliza kuisoma umejua mengi, lakini bado hujui kwa nini mama anayekaanga samaki pembeni mwa soko Mwanza amebaki na mifupa ya sangara wakati minofu imepanda ndege.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujibu swali la namna hiyo. Nimemwandikia mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, na mfano wangu ni mmoja tu tangu mwanzo: Ziwa Victoria na samaki wake. Uliye Zanzibar unaweza kuweka mwani wa Paje mahali pa sangara, na uliye Shinyanga ukaweka ngitili za Wasukuma, yale malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Hatua hazibadiliki sana.

Hatua ya 1: Anza na mahali na swali

Usianze na nadharia. Tafuta mahali unapoweza kufika kwa nauli uliyo nayo, ambako watu wanazungumza lugha unayoielewa, na ambako watafiti wa idara mbalimbali wamekwisha kuandika. Kisha hakikisha pana ubishi wa kweli. Jambo ambalo wote wanakubaliana halihitaji taaluma nyingi. Linahitaji kutekelezwa tu.

Ziwa Victoria linatimiza yote hayo. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na bonde lake linabeba watu zaidi ya milioni 40, wakiwemo wa Rwanda na Burundi ambako baadhi ya mito inayolilisha inaanzia. Wanabiolojia wamelichunguza kwa karibu karne nzima, na wanauchumi, wanasheria na wanahistoria nao wana yao ya kusema.

Sasa andika swali. "Changamoto za maendeleo endelevu katika Ziwa Victoria" ni jina la kabati, si swali. Linganisha na hili: kwa nini sangara walipoongezeka na mauzo ya nje yakapanda, familia nyingi za mialoni, pale mitumbwi inapotua, zilipata samaki wachache wa kula? Ukilisoma mara moja unaona kwamba mwanabiolojia hawezi kulijibu peke yake, wala mwanauchumi. Hiyo ndiyo dalili ya swali linalokufaa. Kama mtu wa fani moja anaweza kulimaliza mchana mmoja, tafuta jingine.

Hatua ya 2: Ijue safari ya wazo lenyewe

Hapa usikae sana, ila usiparuke. Mkutano wa Stockholm wa 1972 uliyaweka mazingira kwenye meza ya Umoja wa Mataifa, na shirika la mazingira la UNEP lililotokana nao likapewa makao makuu Nairobi. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, naibu wake akiwa Mansour Khalid wa Sudan, ilitoa ile maana inayonukuliwa kila mahali: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao.

Wengi huishia hapo. Lakini tume iliongeza mambo mawili yanayobadilisha uzito wa sentensi hiyo. La kwanza, mahitaji yanayotangulia ni yale ya lazima ya maskini. La pili, mipaka tunayokutana nayo hutokana na hali ya teknolojia na namna jamii ilivyojipanga, wala si maumbile peke yake. Ukiyashika hayo mawili utaona kwamba haki ya maskini na mpangilio wa jamii vilikuwamo ndani ya wazo tangu mwanzo.

Baada ya hapo ukaja mkutano wa Rio mwaka 1992, na mwaka 2015 yakapitishwa malengo 17 ya maendeleo endelevu yenye shabaha 169, muda wake ukiwa hadi 2030. Jipe zoezi moja: litafute Ziwa Victoria ndani ya malengo hayo. Lengo la 14, ambalo wengi hulikimbilia wakiona samaki, linahusu bahari. Maziwa yanatajwa katika shabaha ya 6.6, na mifumo ya maji baridi ipo katika 15.1, pamoja na misitu na ardhi. Mlo uko Lengo la 2, wanawake Lengo la 5, ajira Lengo la 8. Samaki wa maji baridi, anayelisha mamilioni ya watu wetu, hana lengo lake mwenyewe. Ukiliona hilo mapema hutaandika kwamba utafiti wako wa sangara unachangia Lengo la 14, na utakuwa na jambo la maana la kusema kuhusu malengo yenyewe.

Hatua ya 3: Chagua fani ya kubobea, kisha ongeza mbili

Mtaka yote hukosa yote. Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakichukua kozi moja ya kila kitu na kumaliza wakiwa hawawezi kutetea hoja hata moja mbele ya mtaalamu. Unahitaji fani moja unayoijua vya kutosha kukosoa makala zake, na nyingine mbili unazozijua vya kutosha kuuliza maswali mazuri na kuelewa majibu.

Mfano bora tulio nao ni Wangari Maathai. Alisoma biolojia Marekani, kisha akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 katika anatomia ya wanyama, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika huko. Alipokuwa vijijini akikusanya kupe kwa utafiti wa ndigana kali ya ng'ombe, aliona mito ikishuka na udongo mwekundu, na ng'ombe waliokonda kwa kukosa majani. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akiunganisha miti, kuni, lishe na uwezo wa wanawake kujiamulia, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kazi yake iliunganisha mengi, lakini alikuwa na fani aliyoibobea kwanza, na jicho lililozoeshwa na fani hiyo ndilo lililoona udongo ule kuwa ushahidi.

Kwa upande wa kozi, chunguza kwanza ulichonacho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kila mwanafunzi husoma masomo ya maendeleo, kozi ambayo wengi huichukulia kama ya kupita tu. Ichukue kwa uzito: humo ndimo mwanafunzi wa uhandisi na wa sheria wanakaa benchi moja. Hapo hapo ipo Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Sokoine, Morogoro, kina nguvu katika kilimo, misitu na wanyama. Chuo Kikuu Ardhi, katika mipango miji na mazingira. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi iliyopewa jina la Maathai. Na Maseno kiko karibu kabisa na ziwa lenyewe. Kama programu yako hairuhusu kozi za idara nyingine, mwombe mhadhiri uhudhurie bila kufanya mtihani. Wengi hukubali, hasa ukienda ofisini wiki ya kwanza ya muhula badala ya kungoja ya tano.

Ukiweza kuongeza kozi moja tu, ushauri wangu ni huu: uliyetoka sayansi za jamii chukua takwimu, uliyetoka sayansi asilia chukua historia. Anayeogopa namba atadanganywa na jedwali, na asiyejua historia atadhani tatizo lilianza siku data zilipoanza kukusanywa.

Hatua ya 4: Iulize kila taaluma maswali manne

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila taaluma unayoikaribia, iulize: inahesabu nini? Inatazama muda wa urefu gani? Inakubali ushahidi wa aina gani? Na nani haonekani ndani yake? Tuyapeleke maswali hayo ziwani.

Mwanabiolojia anahesabu spishi na uzito wa samaki. Atakwambia kwamba ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwamba furu, samaki wadogo wa ziwa hili, wa aina zaidi ya 500 wamechipuka katika muda ambao kwa mabadiliko ya viumbe ni mfupi mno. Atakwambia pia kwamba sangara aliletwa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akakaa kimya kama miaka ishirini, kisha akalipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pengine aina 200 za furu zilitoweka. Tunalijua hilo kwa sababu kikosi cha watafiti wa Leiden, Uholanzi, kilikuwa kikikokota nyavu za sampuli katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla ya mlipuko. Muda wake ni mrefu, ushahidi wake ni wavu na maabara. Asiyeonekana ni binadamu, ambaye katika majedwali mengi hutokea tu kwa jina la "shinikizo la uvuvi".

Mwanakemia wa maji atamkatiza. Atasema naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, mijini, na hata katika vumbi na moshi unaoshuka na mvua, vilirutubisha maji, mwani ukazidi, hewa ya oksijeni ikapungua vilindini, na mwanga ukafifia kiasi kwamba furu, ambao huchagua wenza kwa rangi, walishindwa kutofautishana. Kwa hiyo aliyewamaliza furu ni sangara au ni maji? Wote wawili wana mkono wao, na kipimo cha kila mmoja bado kinabishaniwa. Usikimbilie kuufunga ubishi huo kwa sentensi moja ya utangulizi.

Mwanauchumi anahesabu bei na gharama. H. Scott Gordon alionyesha mwaka 1954 kwamba mahali ambapo yeyote anaruhusiwa kuvua, mitumbwi huongezeka mpaka faida iishe. Kwa jicho la bei na mauzo, viwanda vya minofu vya Kisumu, Mwanza na Uganda vilikuwa habari njema: dola, ajira, kodi. Lakini utazame mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake baada ya taarifa za uvuvi wa sumu. Kiwanda kikisimama, bei ya mwaloni hushuka. Hasara ya tajiri mwenye mitumbwi ikawa nafuu ya mlaji wa karibu. Mwanauchumi anayejumlisha thamani ya mauzo ya nje peke yake hawezi kuiona nafuu hiyo.

Sasa njoo kwa anayechunguza jamii na jinsia, na hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu huu ni uzi mmoja unaoonyesha faida yote ya kusoma kwa taaluma nyingi. Furu na samaki wengine wadogo walianikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, ukimwanika anaoza. Anahitaji moshi au kukaangwa, na vyote viwili vinataka kuni. Kwa hiyo kemia ya mwili wa samaki mmoja ilipeleka mashoka kwenye miti ya visiwani na ya mwambao. Isitoshe sangara ni mkubwa: anataka nyavu imara za makila, migonzo (kamba ndefu zenye ndoana nyingi), mashine ya boti, na mtaji wa kuvigharimia, ambao wanaume wachache ndio waliokuwa nao. Mawakala wa viwanda walifika na magari ya barafu na fedha taslimu. Wanawake waliozoea kununua mafungu madogo moja kwa moja kutoka mtumbwini walisukumwa pembeni. Kilichowabakia ni mifupa na vichwa vinavyotoka kiwandani: Mwanza huitwa mapanki, Kisumu huitwa mgongo wazi. Na katika mialo ya Nyanza nchini Kenya, kupata samaki kulifungamana na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi, uhusiano unaoitwa jaboya, ambao wataalamu wa afya wameuhusisha na kiwango kikubwa cha VVU katika jamii za wavuvi. Fuata uzi huo kutoka mafuta ya samaki hadi kliniki: hakuna idara moja iliyoushika wote.

Mwanahistoria atakubadilishia swali kabisa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyavu za kitani zikaingia Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1905. Samaki walianza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 serikali za kikoloni zilimtuma mtafiti wa uvuvi, Michael Graham, kulipima ziwa; alipendekeza nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5 ili kumlinda ngege, samaki wa asili wa ziwa aliyependwa sana, na akaonya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake. Onyo lilikuwepo, basi, miongo miwili na zaidi kabla ya sangara kupandikizwa. Na janga la samaki lilianza na nyavu, reli na soko, kabla ya sangara kufika. Anayeanza hadithi mwaka 1980 anampa sangara lawama zote na kuwasamehe watu na ofisi nyingi.

Mwanasheria anauliza nani ana mamlaka. Nchi tatu zilitia saini mwaka 1994 mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo imeandika kanuni ya tahadhari na ile ya mchafuzi kulipa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hata hivyo kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, kimezigombanisha Kenya na Uganda kwa miaka kwa sababu ya sangara walio karibu nacho.

Wahandisi wa maji wasisahaulike. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huja kwa mvua inayonyesha juu yake na huondoka kwa mvuke, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, uliowekewa bwawa Jinja mwaka 1954. Ndiyo maana kina kinaweza kupanda ghafla, kama 1961 hadi 1964, au kama Mei 2020 kilipovuka rekodi hiyo na kuzamisha mialo mizima. Mradi wowote wa mwaloni uliopangwa bila kujua hili umejengwa majini.

Hatua ya 5: Tafuta pale wanapopingana

Baada ya hatua ya nne utakuwa na daftari limejaa. Kishawishi ni kuyapanga yote vizuri, kila taaluma na aya yake. Kataa. Chora jedwali: upande wa kushoto andika madai, moja kila mstari, juu andika taaluma. Katika kila kisanduku weka: inakubali, inakanusha, au haina la kusema. Dai kama "sangara wamepungua" litakuonyesha mara moja ugomvi wa vipimo. Meli ya utafiti inayotumia mawimbi ya sauti inapima samaki waliomo majini. Afisa uvuvi anahesabu kilo zilizoshushwa. Mvuvi anapima kwa mafuta ya petroli anayochoma kumfikia samaki. Wote wanaweza kuwa wakweli siku hiyo hiyo: jumla ya kilo ikapanda kwa sababu mitumbwi imeongezeka, huku kila mtumbwi ukirudi na kidogo.

Ugomvi wa pili ni wa nadharia. Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa, na dawa ni serikali au umiliki binafsi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya jamii zilizotunza mali yao ya pamoja kwa sheria zao wenyewe. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali vya mialoni, BMU, vimejengwa juu ya matumaini yanayofanana na ya Ostrom. Operesheni kama ile ya Sangara nchini Tanzania mwaka 2018, nyavu haramu zilipokamatwa na kuchomwa, ina fikra ya Hardin ndani yake. Waulize wote wawili kuhusu mwalo wako. Je, mipaka ya wanaoruhusiwa kuvua inajulikana? Wavuvi wanahama mwalo kwa mwalo? Aliyechomewa wavu alikuwa mwenye mtaji au kibarua? Swali la mwisho ni la maadili, na falsafa ina haki ya kiti chake hapa.

Visanduku vya "haina la kusema" vikiwa vingi mahali pamoja, umepata mada ya tasnifu.

Hatua ya 6: Nenda mwaloni

Tanzania, utaanza na barua ya chuo, uipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata au kijiji. Kenya kibali hutoka tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na Uganda hutoka baraza la taifa la sayansi, UNCST. Anza miezi kabla. Ukifika, ofisi ya BMU na afisa uvuvi ndio wenyeji wako.

Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, kwa hiyo kambi hupumzika. Ukitaka kuona kazi, nenda siku za giza. Ukitaka mahojiano marefu na watu waliotulia wakishona nyavu, nenda mwezi ukiwa mpevu. Kwa sangara, fika alfajiri mitumbwi inapotua. Ila usimsimamishe mama anayenunua, maana dakika zile ndizo mlo wake wa siku. Mngoje amalize, msalimie kwa heshima yake, shikamoo ikiwa ni mkubwa kwako, na umsaidie kubeba ndoo kama anaruhusu.

Kuna jambo nalisisitiza kwa nguvu zote. Ukimuuliza mtu kama anatumia kokoro au timba, nyavu zilizopigwa marufuku, unamwomba akiri kosa la jinai. Usiandike jina lake, usipige picha ya mtumbwi wenye namba, usihifadhi alama za GPS za sehemu wanazovua usiku. Eleza kabla ya kuanza kwamba wewe si wa serikali, na umruhusu akatae. Watu walikwisha kuchomewa nyavu, na daftari lako lisije likawa ushahidi dhidi yao.

Kiswahili kitakufikisha mbali, lakini si kila mahali. Ukara, Ukerewe, Musoma, Bukoba na Homa Bay kuna Kikara, Kikerewe, Kijita, Kihaya na Dholuo, na majina ya samaki na ya pepo yamo humo. Tafuta mkalimani wa hapo hapo, umlipe, na umtaje katika shukrani akikubali.

Hatua ya 7: Wenzako na wasimamizi

Kundi la wanafunzi wa fani tofauti hufanya kazi vizuri likigawana maswali. Likigawana sura, mnarudi kwenye vile vipande visivyosemezana. Mwanabiolojia na mwanasheria waandike pamoja sehemu ya ukubwa halali wa samaki, ile kanuni ya sangara wa sentimita 50 hadi 85 iliyotumika miaka mingi ikibishaniwa. Mmoja aeleze kwa nini majike wakubwa wenye mayai mengi waachwe, mwingine aeleze nani anapima, wapi, na kwa adhabu gani.

Ukiwa na wasimamizi wawili kutoka idara mbili, waombe wakutane nawe pamoja mapema, mkubaliane kwa maandishi kuhusu mbinu: watu wangapi watahojiwa, kwa nini, na jibu la aina gani litahesabika kuwa jibu. Msimamizi mmoja anaweza kuona mahojiano 25 ya kina yanatosha sana, na mwenzake akataka madodoso 300. Ugomvi huo ukizuka siku ya kutetea tasnifu, anayeumia ni wewe.

Hatua ya 8: Andika kwa kufuata swali

Sura zako zifuate hatua za hoja. Kwa swali letu: samaki alibadilika vipi, mabadiliko hayo yalidai vifaa na kuni gani, nani alikuwa na mtaji wa kuvipata, sheria ilimlinda nani, mlo wa nyumbani ukawa nini. Taaluma zitaingia kila sura kadiri zinavyohitajika, mbili au tatu pamoja, na historia itapita katika zote.

Kila unapotumia neno lenye maana tofauti kwa idara tofauti, lifafanue pale pale. "Uendelevu" kwa mtaalamu wa uvuvi unaweza kuwa kiasi cha juu kinachoweza kuvuliwa mwaka hadi mwaka bila kundi kupungua. Kwa mama wa mapanki ni kama kesho kiwanda kitauza mifupa au kitaisaga iwe chakula cha kuku. Na usichanganye nguvu za ushahidi: sema wazi lipi umelipima, lipi umeambiwa, lipi umelisoma.

Kwa kusoma bila gharama, anza na maktaba ya chuo na jukwaa la majarida ya Afrika, AJOL. Uliza kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, ambayo hufungua majarida mengi ya kulipia. Ripoti za taasisi za uvuvi, TAFIRI (Tanzania), KMFRI (Kenya) na NaFIRRI (Uganda), zina data ambazo makala za nje mara nyingi hunakili, hivyo zisome zenyewe.

Hatua ya 9: Rudisha majibu

Kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, bila majina ya watu, na uupeleke kwenye mkutano wa BMU ulikofanyia kazi. Usome kwa sauti, maana si wote watakaousoma wenyewe. Hakikisha wanawake wachakataji wameitwa, na kwa saa inayowafaa. Ruhusu wapinge. Wakisema umekosea kuhusu bei, msimu au nani anamiliki nini, rekebisha kilichothibitika. Mnapobaki mkitofautiana, weka pingamizi lao ndani ya tasnifu, katika sura inayohusika, kwa maneno yao na kwa uzito ule ule unaompa mwandishi wa jarida.